Pande Mbili za Shuka la Mussagy

Barua ilikuwa na mistari kumi na mmoja, na Cosme alikuwa ameisoma mara nyingi mpaka akaijua yote kwa moyo, hata pale mwandishi alipokosea akafuta. Haikuwa na jina wala sahihi. Ilisukumwa chini ya mlango wa kituo Jumanne alfajiri, siku moja baada ya malori mawili ya jeshi kulipuka kwenye njia ya Awasse. Iliandikwa kwa Kireno kilichonyooka, cha mtu aliyechapwa viganja shuleni mpaka nukta na mkato vikamkaa.

"Soma tena," alisema Inspekta.

Cosme akasoma tena. Barua ilisema kwamba Jumamosi jioni, uani kwa Mussagy mwenye duka, ilionyeshwa filamu ya Kiarabu yenye maandishi ya Kiarabu. Ilisema kwamba Abudo, ambaye kazi yake ni kuisimulia filamu ile kwa watu kwa kuwa ni ya kizamani na haina sauti, aliitumia kupeleka habari kwa watu wa msituni. Shujaa wa filamu alipouinua mkono wake wa kushoto, Abudo alipiga kelele mara tatu: "Ufuateni mkono huo! Njia ni mkono huo!" Na Jumatatu, pale njia inapogawanyika nje ya mji, malori yalishika njia ya kushoto, ya Awasse, yakakuta bomu limefukiwa. Yangeshika ya kulia, ya Pundanhar, watu wangefika salama.

"Malori yalipakiwa wapi?" Inspekta akauliza, ingawa alijua vizuri.

"Kwa Mussagy, senhor."

"Na huyo Abudo anafanya kazi wapi?"

"Kwa Mussagy, senhor."

"Basi. Wewe unasema barua inanuka. Mimi napenda jalada langu likamilike, kwa hiyo nenda kanuse. Meli inakuja Ijumaa adhuhuri. Usiponiletea kitu kabla ya hapo, nampakia."

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Waliopakiwa meli ile walipelekwa ngome ya kisiwani, na huu ulikuwa mwaka wa tatu wa vita. Mjini petu, kusini kidogo ya Palma, hakuwa amerudi hata mmoja kutuambia huko wanakula nini. Cosme alilijua hilo kuliko mtu yeyote, maana ndiye aliyekuwa akiandika orodha. Alikuwa Mmakonde wa bara, Mkristo, mkalimani wa kituo na mpelelezi msaidizi. Watu walimwogopa kidogo, walimdharau kidogo, na walipofikwa na shida walimkimbilia yeye. Ndiyo maisha aliyokuwa nayo, na hakuwa na mengine.

Akaanza na mfungwa.

Abudo alikuwa amekaa sakafuni, jicho moja limevimba likafumba, mdomo umepasuka. Alipomwona Cosme mlangoni akajaribu kucheka, ikamuuma.

"Karibu, mtani. Umeniletea chakula gani cha kwenu? Panya wa kubanika?"

"Panya wamekwisha. Wamekimbia harufu ya samaki wenu." Cosme akachuchumaa mbele yake na kutoa daftari. "Abudo, sina muda wa utani. Jumamosi ulisema nini?"

"Nilichosema miaka tisa yote. We si mgeni pale, bwana! Seifu kamtoa Binti Nuru mnarani, kampakia farasi, majambazi wako nyuma yao. Rafiki zake wamepotea kwenye vumbi, hawajui wamfuate wapi. Sasa anauinua upanga juu, hivi, wamwone. Hapo ndipo nasema, ufuateni mkono huo. Uwanja mzima unasema na mimi. Hata wewe nimekusikia ukisema, usinikane."

Kweli alikuwa amesema, tena kwa sauti. Hayo majina ya Seifu na Binti Nuru alikuwa ameyatunga Abudo mwenyewe. Wazungu waliotengeneza filamu ile, babu zetu walipokuwa vijana, waliwaita watu wao majina mengine kabisa ambayo hapa hakuna aliyeyajali.

"Mkono gani aliouinua?"

"Mkono gani?" Abudo akamtazama kwa lile jicho moja. "Wa kulia, bwana wee! Mtu mwenye heshima zake atashika upanga kwa mkono wa chooni?"

"Una hakika?"

"Mimi nasimama pembeni ya makina ya kuonyeshea picha, mbele, naiona picha kama ninavyokuona. Wa kulia."

"Na malori? Ulijua yatapita njia gani?"

"Nilijua yamebeba mchele, kwa sababu niliubeba mimi mgongoni. Njia hata Armando, dereva wao, hakuijua. Alimwuliza sajini mbele yangu, akaambiwa afunge mdomo. Maskini Armando. Mtu mpole yule." Akajisogeza karibu. "Cosme, niambie kweli. Watanipeleka?"

"Mpaka Ijumaa bado uko hapa," Cosme akasema, akainuka haraka asije akaulizwa la pili.

Sasa, mjini petu waliojua kuandika Kireno cha namna ile hawakuzidi kumi, na kati yao aliyemchukia Abudo waziwazi alikuwa mmoja: Raimundo, katekista. Kila mtu alijua ugomvi wao. Raimundo alikaa benchi la mbele kila Jumamosi ya filamu, na kila maandishi yalipotokea aliyasoma, kwa sauti iliyoishia mabenchini, ili watu wajue kwamba Abudo anawadanganya. Abudo naye alimjibu mbele ya watu kwamba kanisani hajaalikwa kusahihisha, kwa nini yeye aje kusahihisha uani kwa Mussagy. Mtu aliyeaibishwa hivyo mbele ya wakwe zake anaweza kushika kalamu. Cosme alikwenda kwake akiwa karibu na hakika, na mwalimu wangu wa zamani alikuwa akisema kwamba hapo ndipo mpelelezi anapotakiwa kujikwaa.

"Andika hapa," Cosme akamwambia. "Andika, mkono wa kushoto, njia ya Awasse."

Raimundo akaandika, akiwa na hasira. Herufi zake zililala upande, ndefu, zenye mikia. Za barua zilikuwa za duara, zimesimama.

"Umeridhika?"

"Filamu ile ya Kiarabu," Cosme akasema polepole, kama mtu anayezungumza tu, "wewe hukai ukaona vibaya, Mkristo kutazama mambo yale?"

"Ya Kiarabu? Nani mjinga aliyekwambia hivyo? Ni ya Ulaya! Mavazi ndiyo ya Kiarabu, maandishi yote ni ya Kireno. Mimi si ndiye ninayeyasoma? Na yule mpumbavu ananifokea ninyamaze." Akarusha kalamu mezani. "Simpendi Abudo, sikatai. Lakini niandike kwamba Kireno ni Kiarabu? Afadhali nife."

"Na mkono?"

"Wa kulia."

Mpaka jua linazama Cosme alikuwa amewauliza wanaume tisa wengine, mmoja mmoja, kila mmoja peke yake, wasije wakasikilizana. Wote walisema kulia. Wote walisema maandishi ni ya Kizungu. Usiku alilala na swali moja tu: inakuwaje mtu anayejua Kireno vizuri vile aone maandishi ya Kireno, akayaita Kiarabu?

Jibu alilipata Alhamisi asubuhi, na alilipata kwa matusi.

Awa, mke wa Abudo, alikuwa amesimama getini na bakuli la wali, askari wamemkatalia kuingia. Alipomwona Cosme anatoka, hakusalimia.

"Wewe! Miaka mingapi unakula pilau ya Idi kwangu? Unakaa kwenye mkeka wangu, unaitwa shemeji, leo mume wangu unamwandika kwenye daftari?"

"Shemeji, ninamtafutia njia ya kutoka."

"Njia gani? Kosa lake nini? Kwamba kasema hivi?" Akaweka bakuli chini, akanyoosha mkono juu kama mwenye upanga, akaigiza sauti ya mumewe mpaka askari wakageuka. "Ufuateni mkono huo! Njia ni mkono huo! Ndilo kosa? Basi watufunge sote!"

Cosme hakuwa anamsikiliza tena. Alikuwa anautazama mkono. Awa alikuwa ameinua wa kushoto.

"Shemeji, kwa nini mkono huo?"

"Kwa nini nini?"

"Umeinua wa kushoto. Abudo anasema ni wa kulia."

"Abudo yuko mbele. Sisi kwetu nyuma Seifu ni mashoto tangu tumfahamu. Anakula kwa kushoto, anapigana kwa kushoto, hata Binti Nuru kamshika kwa kushoto. Wenyewe tunacheka, tunasema mume kama huyo mama yake hakumfunza." Hasira ilikuwa bado usoni mwake, lakini aliposema hivyo akakaribia kutabasamu, kisha akakumbuka alipo.

Inafaa niwaambie wasiojua jinsi uani kwa Mussagy palivyokuwa. Shuka lilitundikwa katikati ya uwanja, si ukutani. Upande mmoja ilikaa makina, na wanaume. Upande wa pili, nyuma ya shuka, walikaa wanawake wa Kiislamu, wapate kutazama bila kuchanganyika na wanaume. Shuka lilikuwa jembamba, picha ikapita ikaonekana pande zote mbili. Wakristo wao walikaa mbele, mume na mke pamoja, kwenye mabenchi. Cosme miaka yote alikaa benchini na Gracinda wake. Nyuma ya shuka hakuwahi kufika hata kwa mawazo.

"Na maandishi?" akauliza. "Kule nyuma mnayaonaje?"

"Yamegeuka. Lakini yakinyooka au yakigeuka sisi ni mamoja, hatuyasomi."

"Mtu anaweza kuyadhania Kiarabu?"

"Kiarabu!" Awa akamshangaa. "Mimi nimekhitimu msahafu mara mbili, Cosme. Hakuna mwanamke wa kwetu asiyejua alif ni ipi. Yale si Kiarabu hata ukiwa umefumba macho."

Cosme akampokea bakuli, akalipeleka mwenyewe kwa Abudo, kisha akatoka mbio mpaka dukani.

Mussagy alikuwa mzee mwoga, na tangu Jumanne uoga ulikuwa umemzidi. Alikwisha kufukia makopo ya filamu chini ya magunia ya chumvi na alikuwa akifikiria kuyachoma. Cosme alitumia nusu saa kumshawishi atoe kopo moja. Wakafunga mlango, wakasimama dirishani, wakaivuta ile filamu mbele ya jua, kipande kwa kipande, wakitafuta maandishi.

"Haya hapa," Mussagy akasema. "Lakini sielewi unatafuta nini."

"Shika hivyo hivyo. Usigeuze."

Maandishi yalisema, kwa Kireno, *Uma hora depois*, saa moja baadaye. Yalisomeka sawasawa, maana yake walikuwa wameishika filamu kwa upande wake wa mbele. Cosme akavuta taratibu mpaka kwenye Seifu, mdogo kama punje ya mpunga juu ya farasi wake. Upanga ulikuwa mkono wa kulia. Kisha akaigeuza filamu, nyuma mbele. Upanga ukahamia kushoto. Akarudi kwenye maandishi bila kuigeuza tena, na yale maneno yakawa yanaanzia kulia kwenda kushoto, herufi zimepinda vichwa, hayasomeki.

"Mussagy," akasema, "aliyeandika barua alikaa nyuma. Ni mwanamke. Si Mwislamu, angekuwa Mwislamu angejua kwamba yale si Kiarabu. Anajua Kireno, lakini hakukisoma kwa sababu kilikuwa kimegeuka. Na ilikuwa mara yake ya kwanza kukaa kule, la sivyo angeshazoea. Mwanamke gani Mkristo alikaa nyuma Jumamosi?"

Mussagy akataja jina moja, na Cosme akatamani angetaja lolote lingine.

Palmira, mke wa Armando dereva, alikuwa ameketi mkekani na kitambaa cheusi kichwani. Alikuwa fundi wa nguo, aliyesomeshwa na masista mpaka darasa la nne. Majirani waliokuja kumliwaza walipomwona Cosme wakaondoka mmoja mmoja bila kuaga. Jeneza lilizikwa Jumanne. Wanasema lilikuwa jepesi.

"Pole, dada Palmira."

"Nimeshapoa."

"Jumamosi ulikwenda kwenye filamu."

"Armando walimfungia kambini na lori lake. Mimi filamu ile sikuwahi kuiona, Chamima, jirani yangu, akaniambia twende, usikae na mawazo. Mimi mke wa mtu, sikuweza kukaa mabenchini peke yangu. Nikakaa naye nyuma." Alisema yote hayo bila kumtazama. "Unajua mimi ndiye niliyeandika. Sema tu."

Cosme alitoa kipande cha filamu alichopewa na Mussagy, akakiinua kwenye mwanga wa mlango, upande wa nyuma umwelekee Palmira.

"Maandishi haya ndiyo uliyoyaona?"

"Ndiyo. Kiarabu."

Akakigeuza. Palmira akatazama. Midomo yake ikaanza kusoma yenyewe, kama ilivyofunzwa na masista. *Uma hora depois*. Akasoma mara ya pili, kwa sauti ndogo. Cosme akavuta kidogo, akamwonyesha Seifu na upanga wake mkono wa kulia, kisha akageuza tena, upanga ukawa kushoto. Hakuhitaji kueleza. Palmira alikuwa na akili nyingi.

"Abudo alikuwa mbele," akasema.

"Alikuwa mbele. Alichokiona ni mkono wa kulia. Kama ilikuwa ishara, basi ilikuwa ya Pundanhar, na Pundanhar hakukutokea kitu."

"Niliona mkono wa kushoto, Cosme. Jumatatu wakaniletea mume wangu kwenye turubai, wakaniambia ni njia ya kushoto. Usiku ule nilimsikia Abudo kichwani mpaka asubuhi. Sikumtungia. Niliandika nilichokiona." Akajifunika uso kwa kitambaa. "Nimemuua mtu?"

"Bado. Kesho asubuhi tutakwenda mimi na wewe kwa Inspekta. Utamwambia kama ulivyoniambia mimi."

"Nitamwambia."

Usiku ule Cosme alikula akashiba, akamweleza Gracinda kila kitu kwa furaha, akacheka peke yake. Mjinga! Namwonea huruma hata sasa.

Ijumaa asubuhi Inspekta aliwasikiliza bila kuwakatiza. Alikishika kile kipande cha filamu mwenyewe, akakipeleka dirishani, akakigeuza huku na huku mara tano, sita. Palmira alisimama wima mbele ya meza akasema kwamba alikosea, kwamba mkono ulikuwa wa kulia, na kwamba anaomba barua yake irudishwe. Meli ilikuwa imekwisha kutia nanga tangu alfajiri.

"Kazi nzuri," Inspekta akasema mwishoni. "Kazi nzuri sana, Cosme. Sikutegemea."

Cosme akavuta pumzi. Inspekta akachukua karatasi, akachora mstari mmoja katikati.

"Hili shuka. Huyu Abudo anasimulia tangu lini?"

"Miaka tisa, senhor."

"Ana mke?"

"Anaye."

"Mkewe hukaa upande gani?"

Cosme hapo akaiona hesabu ya Inspekta. Akaiona yote kwa mara moja. Inspekta akamgeukia Palmira.

"Senhora?"

"Nyuma," Palmira akasema.

"Basi miaka tisa anajua vizuri kinachoonekana nyuma." Akaweka kalamu upande wa pili wa mstari. "Mwaka huu nimekamata watu ishirini na wawili wanapeleka unga msituni. Wote wanawake. Nilikuwa najiuliza kwa nini mtu mwerevu apeleke habari kwa wavivu wa mbele, ambao karibu wote nawajua. Umenijibu. Hakuwa akisema na wanaume. Aliona kulia, akijua wao wanaona kushoto. Kushoto ni Awasse."

"Senhor, hakujua njia. Hata dereva hakuijua."

"Hilo ni neno lake. Wanawake walikuwa wangapi?"

"Thelathini na kitu," Palmira akajibu, kwa ile tabia ya mwanafunzi anayeulizwa na mwalimu, na mara akashika mdomo.

"Wote watapanda. Mlete Abudo. Nataka asikie, halafu uniandikie majina yao."

Abudo aliletwa amefungwa mikono. Inspekta hakujua neno la lugha yetu, kwa hiyo alimwambia Cosme amweleze. Cosme akamgeukia rafiki yake.

"Mtani, nimeharibu," akasema kwa Kiswahili, uso mkavu kama mtu anayesoma amri ya serikali. "Niligundua kwamba aliyeandika barua alikaa nyuma ya shuka, nikadhani nimekuokoa. Sasa anasema ulikuwa unasema na wanawake. Anataka kuwapakia wote. Awa pia."

Abudo alimtazama Palmira, akamwona kitambaa chake cheusi, akaelewa barua ni ya nani.

"Anasema nini?" Inspekta akauliza.

"Anafikiri, senhor."

"Mtani," Abudo akasema, "wewe unatafsiri nitakavyosema?"

"Natafsiri."

"Neno kwa neno. Usinitilie chumvi, chumvi nitatia mwenyewe." Akajilamba mdomo uliopasuka, akasimama kama alivyokuwa akisimama pembeni ya makina. "Mwambie amekosea. Mimi na wanawake wapi na wapi? Wanawake kazi yao kucheka tu kule nyuma, siri utawapa wewe? Nilisema na wanaume. Nilikuwa nimepatana nao mapema: mkono mtakaouona, nyinyi shikeni ule mwingine. Wameona kulia, wakaenda kutega kushoto. Mwambie hivyo."

Cosme alisikia sauti yake mwenyewe ikisema hayo kwa Kireno, moja baada ya jingine. Inspekta aliacha kuchora.

"Wanaume gani? Majina."

"Issufo wa Mucojo, na Momade nduguye."

Issufo na Momade walikuwa wavuvi, na walikuwa wamekufa maji mwaka uliopita, kabla Inspekta hajahamia kwetu. Cosme ndiye aliyekwenda kuwatambua walipotupwa pwani. Armando ndiye aliyewabeba kwa lori lake mpaka makaburini. Cosme akayatafsiri majina, na hakuthubutu kumtazama Palmira.

"Wako wapi watu hao?"

"Anasema wamevuka Ruvuma, senhor. Jumapili."

Inspekta akamgeukia mjane. "Senhora unawafahamu?"

Mikono ya Palmira ilikuwa inavutana na ncha ya kitambaa.

"Nawafahamu, senhor. Mume wangu alikuwa akiwafahamu pia."

"Wapo mjini?"

"Hawapo."

Inspekta alikaa akigonga meza kwa kalamu. Nje mabaharia walikuwa wakiitana. Kisha akamwelekezea Cosme ile kalamu.

"Siku tatu umenizunguka hapa ukiniambia mtu huyu hana kosa, na leo umenishangaza kwa akili yako. Kwa hiyo nakuuliza wewe, si yeye. Wewe ndiye uliyepeleleza. Anasema kweli?"

Abudo hakujua Kireno, lakini swali lile halikuhitaji kutafsiriwa. Alimwinulia Cosme kidevu kidogo, kama unavyomhimiza mtu anayechelewesha wenzake njiani.

"Ndiyo, senhor," Cosme akasema. "Anasema kweli."

"Na wanawake?"

"Hawakujua kitu. Nimehakikisha."

"Basi waache. Kwa sasa." Inspekta akamsukumia karatasi safi. "Andika maelezo yake yote, na chini uandike kwamba umeyachunguza ukayakuta sahihi. Meli inangoja."

Cosme akavuta kiti, akakaa. Aliandika kurasa mbili, kwa mpangilio, na tarehe, na majina ya wale marehemu wawili yote mawili kikamilifu, asikosee hata herufi. Kisha akatia sahihi yake, na Abudo akapewa wino wa kuweka kidole.